Kipimo cha marahaba

Swali lenyewe lilinikuta nimekaa chini, miguu nimeinyoosha kwenye nyasi za uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika pale Moshi, chungwa mkononi. Ilikuwa Februari 2024, na nilikuwa nimetoka kumaliza kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kwa mara ya nne. Kijana mmoja wa kikundi chetu cha mbio, ambaye zamani nilimfundisha hesabu darasa la tano, akaja kunisimamia mbele, medali yake inaning'inia, akasema, "Mwalimu, hizi 21 umeshazizoea. Mwakani twende 42."

Nilicheka, nikamwambia aniache nile chungwa langu. Lakini maneno yale yalipanda nami daladala hadi Pasua, yakaingia nami ndani, yakala nami chakula cha usiku. Kilichonisumbua zaidi ni lile neno "nusu". Miaka yote nilikuwa nakimbia kitu kizima: natoka mjini, napanda Mweka, nateremka, naingia uwanjani watu wanapiga makofi. Kumbe rasmi kinaitwa nusu marathoni. Mtu akishakuambia kwamba ulichokula kilikuwa nusu sahani, hata kama umeshiba utaanza kuchungulia jikoni.

Nilikuwa na miaka 57, na sijawahi kuwa mwanariadha. Mbio zangu za kwanza zilikuwa mchakamchaka wa shule ya msingi, miaka ya vita vya Kagera, pekupeku kwenye baridi ya asubuhi ya Kibosho, mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo. Baada ya hapo sikukimbia tena kwa zaidi ya miaka thelathini, ukiacha kukimbilia basi. Nilianza upya nikiwa na miaka 49, na kilichonianzisha ni mashine ya presha. Daktari alisoma namba, akanitazama, akaniandikia vidonge, akasema na miguu niitumie. Nikawa natembea hadi Mnara wa Saa na kurudi. Miezi mitatu baadaye nikaanza kukimbia nguzo moja ya umeme na kutembea mbili. Mtaani waliuliza, "Mama, unakimbizwa na nani?" Vijana wa bodaboda pale kijiweni walijitolea kunipakia bure, wakidhani nimeachwa na gari. Hayo yaliisha baada ya mwaka hivi. Siku hizi nisipopita siku mbili wanauliza kama naumwa.

Saa ya kupima mapigo ya moyo sikuwa nayo, na hata mwanangu aliponiletea moja sikuiamini sana, kwa sababu nitakayoieleza. Kipimo changu kilikuwa marahaba. Barabara ya kupanda Mweka asubuhi imejaa wanafunzi, na mtoto aliyelelewa hapishani na mtu mzima bila shikamoo. Nawe huwezi kupita kimya. Mwalimu mzima unaamkiwa halafu unaondoka kama hukusikia? Basi nikagundua kwamba nikiweza kusema "Marahaba, hujambo mwanangu, haya wahi shule" bila kukatisha, mwendo wangu ni wa kufika mbali. Nikiishia kwenye "Marahaba" peke yake, nimeshapandisha gia na sitadumu. Nikiinua mkono tu, sauti haitoki, nimekosea hesabu na mlima utanidai. Baadaye nilikuja kujua kwamba makocha wengi wanafundisha hivyo hivyo, ukimbie kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Sisi desturi ilishatupa bure.

Nilipoanza kuitaja 42, kila mtu alikuwa na mtu wake wa kunitolea mfano.

Wa kwanza, bila shaka, John Stephen Akhwari. Mtanzania akitaka kukusukuma umalize kitu chochote, hata kulipa deni la kikoba, atakupeleka Mexico 1968: mtu wetu kaanguka, goti limefungwa bandeji, anaingia uwanjani giza limeshashuka, zaidi ya saa nzima tangu Mamo Wolde wa Ethiopia ashinde, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa akajibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Nimeifundisha habari hiyo miaka mingi na bado inanisisimua. Lakini usiku mmoja, miguu ikiniuma kitandani, niliifikiria tena nikaona kuna neno tunaliruka. Akhwari alitumwa. Alikuwa na miaka 30, jina la nchi kifuani, na miaka miwili baadaye alishika nafasi ya 5 kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Hakuwa mtu wa kuburuta miguu. Mimi hakuna aliyenituma. Hakuna taifa linalonisubiri uwanjani, kuna mjukuu anayesubiri uji. Wajibu wa kumaliza haunishiki mpaka kwanza nijibu kama kuna haja ya kuanza.

Wa pili alikuwa mzee wa Kanada, Ed Whitlock, aliyekimbia marathoni ya Toronto mwaka 2004 kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48 akiwa na miaka 73. Mwanangu alinitumia habari zake kwenye simu, zikanitia moyo siku mbili. Siku ya tatu nikasoma jinsi alivyokuwa akifanya mazoezi: anazunguka makaburi yaliyo karibu na kwake, polepole, duara baada ya duara, hata saa tatu mfululizo. Kwetu Wachagga makaburi yako kihambani, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Nikianza kulizunguka kaburi la baba mkwe kwa saa tatu kila asubuhi, wataitwa wazee wa ukoo. Halafu Whitlock alikuwa mkimbiaji mzuri tangu ujana wake Uingereza. Aliacha, akarudi akiwa amepita miaka arobaini. Mimi msingi wangu ni mchakamchaka.

Kwa hiyo nikaweka mifano kando, nikachukua daftari. Hesabu ndiyo kazi yangu.

Nusu yangu ile ilikuwa imechukua saa 2 na dakika 38. Kuzidisha mara mbili hakutoshi, maana kilomita za mwisho hazifanani na za mwanzo, na hasa kwa njia ya Moshi. Wanaokimbia 42 wanatolewa kwanza kwenye barabara ya Dar, tambarare, nenda rudi. Wanaporudi mjini, na kilomita 21 ziko tayari miguuni, ndipo wanaelekezwa Mweka, kupanda mita mia tatu hivi hadi kwenye kilomita ya 32, halafu wateremke. Sisi wa 21 tunaukuta mlima huo miguu ikiwa mipya na tunaulalamikia. Wao wanaukuta pale ambapo sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inakaribia kwisha, ambapo hata vijana huanza kutembea. Nilipojumlisha yote nikapata kama saa 5 na dakika 50.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenitajia. Marathoni ya mtu wa mbele na marathoni ya mtu wa nyuma ni mbio mbili tofauti zenye jina moja. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia kule Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, wewe ungemfikia?" Nikamwambia ningemfikia akiwa ameshaoga, amekula, na ameamka kutoka usingizi wa mchana. Tulicheka, lakini ndivyo ilivyo. Mimi ningekuwa barabarani karibu mara tatu ya muda wake. Mbio zinaanza alfajiri. Mimi ningemaliza jua liko utosini, na Februari ya Moshi, kabla ya masika, ni ya joto. Mguu wangu ungegonga lami maelfu ya mara zaidi ya wa kijana mwenye hatua ndefu. Watu humhurumia anayekimbia kasi. Mimi nadhani anayestahili huruma ni yule anayekaa huko muda wote huo.

Hata hivyo sikukata shauri pale pale. Nilienda kwa daktari, si yule wa presha ya zamani, mwingine kijana. Nilitegemea aniambie mama nenda kapumzike. Hakusema hivyo. Aliuliza kama nikipanda mlima nasikia kifua kubana, kama nimewahi kuzimia, kama kwetu kuna mtu aliyefariki ghafla kabla ya uzee. Akanipima umeme wa moyo. Kisha akataka kuona vidonge vyangu, na hapo nikasoma mengi kuliko nilivyotegemea. Kimoja kinapunguza kasi ya mapigo ya moyo, kwa hiyo ile kanuni maarufu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo, 220 toa umri, kwangu ni kupiga ramli, na saa niliyoletewa ingekuwa inanisifu bure. Nikafurahi kwamba marahaba yangu ilikuwa sahihi kuliko mashine. Kidonge cha pili kinatoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Siku ya kukimbia kwa saa nne au tano, hilo si jambo dogo, na alinionya nisijipangie mwenyewe kuruka dozi bali tukubaliane naye.

Aliniuliza pia ninameza nini miguu ikiuma. Nikasema diklofenaki, ya duka la dawa pale mtaani, kila mtu anameza. Akaweka kalamu chini. Akasema dawa hiyo pamoja na kidonge cha kukojoza pamoja na jasho la saa tano ni njia nzuri ya kuumiza figo, na kwamba mtu akihitaji dawa ya maumivu ili aanze kukimbia, mwili umeshajibu swali. Jambo la mwisho ni maji. Mimi nilikuwa naamini kunywa kwa wingi ni kujikinga. Kumbe sisi wa polepole, tunaopita kwenye kila meza na kunywa kwenye kila meza, ndio tunaoweza kunywa hadi chumvi ya damu ikazimuliwa, mtu akachanganyikiwa, hata akafa. Unywe kwa kiu, alisema. Nilimwamini kwa shingo upande, nikajaribu, nikaona kweli.

Nikaanza Septemba 2024. Sikuwa nimelipia chochote. Nilijiwekea kwamba ningeamua Januari, baada ya kujaribu, kabla ya kujiandikisha. Huo ndio uamuzi mmoja ninaojisifia katika habari hii yote. Ningekuwa nimeshalipa na kutangaza kanisani, ningekimbia kwa ajili ya pesa na midomo ya watu.

Mbio ndefu niliziweka Jumamosi, maana Jumapili ni ibada. Kilomita 18, 20, 22, kisha wiki moja ya kupunguza, kisha 24. Katikati ya wiki siku mbili fupi, na siku mbili za kuchuchumaa na kusimama na dumu la lita 10 kifuani, kupanda kidato na kushuka, kusimama kwa vidole vya miguu. Mwanamke akishakoma hedhi mifupa na misuli vinapungua, na kukimbia peke yake hakutoshi kuvirudisha. Dumu lilinisaidia kuliko kitu kingine chochote, na ningelijua mapema ningelianza nikiwa na miaka 49. Hili namwambia kila mwanamke wa rika langu hata kama hana mpango wa kukimbia hatua moja.

Viatu nilikosea. Nilinunua jozi ya mtumba soko la Memorial, shilingi elfu 35, vinang'aa, jina kubwa. Ukiangalia soli kwa chini ilikuwa haijalika. Lakini ile sponji ya katikati ilikuwa imeshakufa, imekaa miaka kwenye ghala la watu au imekimbiwa na mtu mzito, huwezi kujua. Baada ya wiki tatu nikaanza kuamka na maumivu nyuma ya kisigino, kwenye ile kano nene inayoshuka kutoka kwenye kigimbi. Hatua kumi za kwanza za asubuhi nilitembea kama bata. Siku hizi kabla ya kununua mtumba nabonyeza sponji kwa dole gumba pembeni. Ikiwa ngumu kama mkate wa juzi naviacha. Nilichanga nikanunua vipya, maumivu yakapungua, lakini kano ikishakasirika ina kinyongo. Kijana husamehewa kwa wiki mbili. Mimi ilinichukua hadi Desemba.

Pumzi haikunisumbua hata siku moja. Hili linawashangaza watu. Wanadhani mzee huishiwa pumzi. Ni kweli kwamba uwezo wa kutumia hewa unapungua na umri, kwa anayekaa tu unapungua haraka zaidi, lakini ukienda polepole unabaki na wa kukutosha. Kinachopungua bila kukuaga ni kupona. Kijana wangu wa darasa la tano alikuwa akikimbia kilomita 25 Jumamosi, Jumatatu anakimbia tena kama hakuna kilichotokea. Mimi Jumatatu nilikuwa bado Jumamosi.

Januari nikafika ile niliyoiogopa, kutoka nyumbani hadi Himo. Nilitoka gizani na koti la kung'aa, nikiyatazama magari usoni, kwa sababu mabasi ya Dar hupita hapo alfajiri kama yamefukuzwa. Kiboriloni wauza mitumba walikuwa bado wanashusha mabelo. Baada ya hapo barabara inafunguka, mlima uko kushoto, na siku ile ulikuwa wazi wote, Kibo na Mawenzi. Nilikuwa na ndizi mbivu mbili, tende kwenye mfuko wa plastiki, na chupa ya maji niliyoitia chumvi na sukari. Uchira nilipita najibu marahaba kamili. Himo nilifika na kilomita 27 kwa saa ya mkononi, nikaongeza tatu za kuzungukazunguka ili zitimie 30, watu wa stendi wananitazama, kisha nikapanda Hiace kurudi Moshi nikiwa nimebanwa kati ya mama mwenye kuku na kijana mwenye spika. Hakuna aliyejua nimetoka kufanya nini. Konda alinidai nauli kamili.

Kwa hiyo jibu la "naweza?" nililipata kwenye ile Hiace. Naweza. Ukishakimbia 30 na ukaweza kupanda gari kwa miguu yako, zile 12 zilizobaki utazimaliza hata kwa kutembea.

Tatizo ni siku zilizofuata. Jumapili nilisinzia kwaya ikiimba, mbele ya mchungaji, mimi mzee wa kanisa. Nilishuka ngazi za kanisani kiubavu kama kaa. Jumanne kuna wanawake watano ambao huwa nakimbia nao kilomita saba za mazungumzo, mmoja mjane, mmoja analea wajukuu wanne; sikuenda, na sikuwa nimeenda Jumanne nne mfululizo kwa sababu nilikuwa nailinda miguu kwa ajili ya Jumamosi. Alhamisi mjukuu alinyoosha mikono nimbebe nikamwambia subiri. Shamba la mahindi nilikuwa nimemwachia mtu.

Jioni hiyo mume wangu alikuwa anapasha maji ya kukanda kisigino. Si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Siku hizi hutuletei barabara. Unarudi na namba tu."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikakumbuka. Miaka minane nimekuwa nikirudi nyumbani na habari: nani amemwaga kokoto anataka kujenga, ng'ombe wa nani amezaa, kahawa ya nani imechanua kabla ya wenzake, mwanafunzi gani wa zamani nimekutana naye amekuwa polisi. Nazimwaga mezani na chai. Tangu Septemba nilikuwa nikiingia, naangalia saa, nasema "ishirini na nne" au "ishirini na saba", naenda kulala. Nilikuwa napita mahali pale pale na sioni kitu. Nilijaribu kukumbuka kilichokuwa kwenye barabara ya Himo zaidi ya mlima na mabasi. Nilikumbuka vibao vya kilomita.

Nilikaa na hilo siku nne. Nilitaka niwe na uhakika kwamba si woga umevaa nguo ya hekima, maana woga una mavazi mengi ukishafika miaka yetu, na wengi wanatusaidia kuuvalisha. Watu watakuambia magoti yataisha. Mimi nimeambiwa hivyo tangu 2016, na waliokuwa wakiniambia wamekaa kwenye viti na magoti yao ndiyo yanayouma. Anayekimbia kwa kiasi hana sababu ya kuogopa kwamba anayamaliza magoti. Kwa hiyo si magoti, si moyo, daktari ameshasema, si pumzi. Nilipoviondoa hivyo vyote mezani kikabaki kitu kimoja: maisha ya wiki. Sikuogopa siku ya mbio. Siku ya mbio ningeipenda. Nilichokuwa sikitaki ni Jumatano na Alhamisi za kuielekea, na katika umri wangu ni nyingi kuliko za kijana, kwa kuwa kila Jumamosi moja inakula siku nne.

Nikajiandikisha 21. Kijana wangu alisononeka kidogo, akasema, "Mwalimu, umefika Himo halafu unaacha?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia ndiyo. Nakiri niliona haya wiki nzima, na kila mtu aliponiuliza nilisema "kisigino", uongo mdogo wenye ukweli ndani yake.

Kuna mzee kwenye kikundi chetu, dereva mstaafu wa malori, ana miaka 64, ambaye alifanya mazoezi yale yale, kilomita zile zile, miezi ile ile. Yeye alijiandikisha 42. Nilimuuliza kama hachoshwi na Jumamosi ndefu. Mkewe alifariki miaka michache iliyopita na watoto wake wako Mwanza na Dar. Aliniangalia akasema, "Mwalimu, Jumamosi ya kukaa nyumbani ni ndefu kuliko hiyo 42." Nikanyamaza. Wiki ile ile iliyokuwa inaninyang'anya mimi vitu, ilikuwa inampa yeye.

Februari 2025 nilisimama kwenye mstari wa 21. Wa 42 walikuwa wameshaondoka gizani. Nilikimbia vizuri, siwezi kulalamika. Zile 30 za Himo zilikuwa bado miguuni na Mweka nilipanda bila kutembea hata mara moja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kwenye migomba watoto walisimama na vikombe vya maji. Wanawake wangu wawili wa Jumanne nilikuwa nao, na yule anayelea wajukuu alisimulia habari ya mkwe wake kutoka chini hadi juu, kilomita nzima za kupanda, bila kukata.

Tulipogeuza na kuanza kuteremka tukaanza kupishana na watu wa 42 wakipanda. Kwanza wachache wenye haraka, kisha wengi, nyuso zimebadilika, kila mtu yuko ndani ya nyumba yake. Niliwatazama miguu. Kuna sekunde kama kumi na tano hivi, pale kwenye kona yenye miti mikubwa, ambapo nilitamani namba yao ya kifuani kwa wivu ambao sikuutegemea.

Mzee wetu alikuwa kwenye kona iliyofuata. Anatembea, mikono kiunoni, kofia ameigeuza nyuma, chumvi imemchora mashavuni. Nikapiga kelele kutoka upande wangu, "Shikamoo, Mzee!"

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Aliinua kidole kimoja, akaendelea kupanda.

Nilimaliza, nikapewa medali, nikala machungwa mawili. Wenzangu waliondoka. Nilimpigia mume wangu nikamwambia anitangulie kula, kuna mtu namsubiri. Nikakaa chini ya mti upande wa kivuli na kivuli kikahama mara mbili. Vijana wa kikundi walikuja wakaondoka, wakaja tena. Matangazo ya spika yalipungua, watu wa meza za maji wakaanza kukusanya makopo.

Ilikuwa imeshapita saa sita mchana alipoingia. Hakunyoosha mikono wala kupiga magoti kama vijana wanavyofanya kwa ajili ya picha. Aliinamisha kichwa avishwe medali, akachukua maji, akasimama akitazama huku na huku hadi aliponiona. Alikuja taratibu sana. Kukaa chini kulimchukua hatua tatu: mkono kwenye mti, goti moja, halafu mwili uliobaki ukaangushwa tu. Akanywa chupa nusu. Akaweka kofia kwenye nyasi. Nilimmenyea chungwa nikamkabidhi, akala pande moja, la pili, macho yako mbali.

Kisha akanigeukia.

"Marahaba, Mwalimu," akasema. "Hujambo?"